Maji Kwenye Kaburi la Bibi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Fuatino alifagia uwanja. Alianzia chini ya mshelisheli, ambako majani makubwa yalikuwa yameanguka usiku kucha, akazunguka jiko, akapita kando ya tangi la maji ya mvua, na mwisho akafika kwenye kaburi la Bibi Faapusa.

Kaburi lilikuwa hatua kumi tu kutoka kizingitini, mbele ya nyumba, kama makaburi yote ya kijiji cha Fagasina. Lilikuwa na vigae vyeupe na paa dogo la bati, na vigae vile vilikuwa baridi hata jua liwake namna gani. Hapo Fuatino hakutumia ufagio. Alipangusa kwa kitambaa, huku akimsalimia Bibi kimoyomoyo.

Juu ya kaburi palikuwa na chupa sita za maua na gamba moja la chaza wa aina kubwa, pana kama beseni la kunawia. Bibi alilitoa mwenyewe kwenye mwamba wa bahari alipokuwa msichana, na maisha yake yote alilitumia kunyweshea kuku. Siku ya mazishi, Babu aliliosha akaliweka upande wa kichwa. Kisha alisema mbele ya ukoo wote, "Fuatino ndiye aliyelala na Bibi yake mkeka mmoja. Fuatino ndiye atakayemtunzia maua." Fuatino alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuna neno lililowahi kumpa fahari kama lile.

Sasa ulikuwa mwezi wa pili wa mwaka, na mvua zilikuwa zikinyesha karibu kila siku. Kila Alhamisi alasiri, kamati ya akina mama ilipita nyumba kwa nyumba kukagua usafi. Mbele alitangulia mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti ya kengele, aliyeitwa Shangazi Makerita na kijiji kizima, hata na wazee waliomzidi umri. Alikuwa na daftari kwapani na kalamu nyuma ya sikio.

"Losa," alimwambia mama yake Fuatino, "hili tairi unamwekea nani? Umenunua gari bila kutuambia?"

"Watoto wanachezea, Shangazi."

"Wanaocheza humo ni mbu. Watoto wako wanaumwa tu. Litoboe au likazikwe."

Akina mama walicheka, na Mama naye alicheka, maana kumkasirikia Makerita ilikuwa kazi ngumu. Walitazama nyuma ya choo, chini ya jiko, ndani ya vifuu vya nazi na kwenye mfuniko wa tangi. Kisha, akiwa amesimama palepale karibu na tangi, Makerita alipaza sauti kumuuliza Fuatino.

"Na maua ya Bibi? Maji umemwaga?"

"Ndiyo, Shangazi. Nimemwaga."

Makerita aliandika "Safi" kwenye daftari na wakaenda zao. Hakusogea kaburini. Hakuna mwanakamati aliyesogelea kaburi la nyumba yoyote. Kuchungulia vyombo vya marehemu wa watu wengine kungekuwa tusi kubwa kuliko kufunua chungu cha mwenzako jikoni na kunusa. Basi kwenye makaburi waliuliza tu, na walichoambiwa ndicho walichoandika.

Fuatino alikuwa amesema uongo. Hiyo ilikuwa Alhamisi ya tatu.

Mwanzoni hakuwa na nia hiyo. Mwezi uliotangulia, Nesi Lagi wa zahanati alikuja kuzungumza na wazazi kwenye ukumbi wa kanisa. Mama alikuwa na kazi shambani kwenye magimbi, kwa kuwa Baba alikuwa New Zealand akichuma matufaa, hivyo alimtuma Fuatino akasikilize. Fuatino alikaa nyuma kabisa na akasikia kila neno. Nesi alisema homa ya dengi imefika kisiwani. Mbu wake ana miguu yenye mistari myeupe, anauma mchana, na anataga kwenye maji safi yaliyotuama, hata yakiwa kidogo tu. Mayai hunata ukutani mwa chombo, kwa hiyo kumwaga peke yake hakutoshi, lazima chombo kisuguliwe kila wiki. Chupa za maua makaburini zijazwe mchanga wenye unyevu. Mtoto akipata homa apewe panadoli, wala si aspirini, na anyweshwe sana.

"Na jambo hili mlisikie vizuri," Nesi alisema. "Siku ya tatu, ya nne au ya tano, homa inashuka na nyinyi mnafurahi. Hapo ndipo mfungue macho. Tumbo likimuuma sana, akitapika, akitoka damu, mikono ikiwa ya baridi, msingoje kesho."

Fuatino alirudi nyumbani akamweleza Mama yote huku Mama akikuna nazi. Kesho yake alimwaga chupa zote sita na lile gamba. Alikuwa bado anasugua wakati binamu yake Tilomai alipopita njiani na kusimama.

"We Fuatino, unamnyima Bibi yako maji?"

"Nesi amesema."

"Nesi alimjua Bibi yako? Kijijini kwao mama yangu kuna bibi marehemu, watu walimwaga maji ya vikombe vyake vya kaburini. Kila mchana alikuja mlangoni kuomba maji. Amesimama tu hivi, ulimi nje."

"Muongo wewe."

"Haya, mimi muongo. Lakini nyie mlilala mkeka mmoja, si ndiyo? Njia anaijua."

Tilomai alienda zake akicheka, na pengine kabla hajafika kwao alikuwa ameshasahau. Fuatino hakusahau. Aliwaza midomo ya Bibi siku za mwisho, ilivyokuwa imekauka, na jinsi alivyokuwa akimdondoshea maji kwa kijiko. Jioni hiyohiyo, kabla ya baragumu la sala, alichota maji kwenye tangi akajaza chupa zote na gamba hadi ukingoni. Tangu hapo hakuyagusa tena. Mvua ikaongeza yake juu.

Mdogo wake, Sefo, alikuwa na miaka sita. Alikuwa na mazoea ya kurudi shule, kula gimbi lake, kisha kwenda kulala juu ya vigae vya Bibi kwa sababu ya ule ubaridi. Mama alimwacha. Bibi alimpenda Sefo, na mtoto kulala juu ya bibi yake si jambo baya. Alikuwa akiamka na vipele miguuni, akajikuna, akakimbilia kucheza.

Jumapili iliyofuata ile Alhamisi ya tatu, baada ya ibada, tanuri la mawe lilifunguliwa na chakula kikapangwa kwenye majani. Sefo hakusogea. Mama alimwekea nyama ya nguruwe, naye Sefo akageuza uso.

"Huyu akikataa nguruwe, basi ni mgonjwa kweli," Babu alisema, akamgusa paji la uso. Aliondoa mkono upesi. Mtoto alikuwa anawaka.

Jumatatu Sefo alilia kwamba macho yanamuuma kwa ndani. Jumanne alilia kwamba mifupa inavunjika. Mama alimpa panadoli na kumkanda kwa kitambaa cha maji, na Fuatino alimshikia dafu mdomoni, naye alikunywa funda mbili akachoka. Mama alitaka kumpeleka hospitali siku hiyo. Alikwisha kukunja mkeka wa kwenda nao.

Lakini saa ile Sefo aliinua kichwa akatazama nje uwanjani. "Bibi anachota maji," alisema.

Babu aliweka chini kikombe chake cha kakao.

"Umemwona wapi, mwanangu?"

"Pale. Anachota."

Babu hakuwa mtu mjinga wala mkali. Alikuwa amesoma Biblia yote mara nne na alitengeneza redio za watu. Lakini alipokuwa kijana, kaka yake mkubwa alipata homa na kuanza kuongea na marehemu. Walimpeleka hospitali akachomwa sindano, na kabla ya jua kuzama alikuwa amekufa. Kijiji kizima kilisema alikuwa ameshikwa na wafu, na kwamba mtu aliyeshikwa na wafu akichomwa sindano hufa. Babu alibeba jambo hilo miaka hamsini.

"Hakuna sindano," alisema. "Kuna kitu tumemkosea Faapusa. Tutamwomba radhi, na Bibi Oloa ataitwa aje kumkanda."

"Baba," Mama alisema, sauti ikiwa ndogo, "nesi alisema..."

"Losa. Nimemzika kaka yangu."

Mama alikunjua mkeka ukarudi sakafuni. Fuatino alimtazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alimwona mama yake kama mtu asiyejua la kufanya.

Jumatano Babu alimwagiza Fuatino abadilishe maua yote ya kaburini. Alimkatia yeye mwenyewe maua mekundu marefu ya kando ya uzio. "Umjazie maji mengi," alisema. "Mwambie tumekosa."

Fuatino alipiga magoti kwenye vigae na kuvuta maua makavu kutoka kwenye lile gamba. Maji yalitikisika. Ndani yake viluwiluwi wa mbu walikuwa wamejaa, wadogo kama vipande vya uzi, wakijipinda na kupanda juu, wakijipinda na kushuka chini. Hawakuhesabika. Alichungulia chupa ya kwanza, akaona hivyohivyo. Chupa ya pili, hivyohivyo. Mbu mmoja aliinuka kwenye ukingo wa gamba akatua kwenye mkono wake, na Fuatino aliona vizuri miguu yake. Ilikuwa na mistari myeupe.

Alibaki pale amepiga magoti. Nyuma yake alimsikia Sefo akilalamika kwa sauti nyembamba kama ya paka. Alijua. Alijua kama mtu anavyojua jina lake. Si Bibi aliyemshika Sefo. Bibi hakuwahi kumdhuru hata kifaranga.

Angesema. Alijiambia kwamba angesema baada ya kuweka maua. Kisha akilini aliona ukoo mzima umekaa, na Babu akisikia kwamba yule aliyelala mkeka mmoja na Bibi ndiye aliyelifanya kaburi la Bibi kiota cha mbu. Aliona daftari la Makerita na neno "Safi" mara tatu. Mdomo wake ulikataa kufunguka. Aliyaweka maua mapya ndani ya maji yaleyale, akaingia ndani, akajilaza kwa uso kwenye mkeka. Mama alidhani ana njaa na akamletea gimbi. Hakuweza kulimeza.

Alhamisi asubuhi, homa ya Sefo ilishuka.

Babu alimgusa paji la uso, akamgusa tena, akakaa chini na kufunika macho kwa kiganja. "Faapusa amesikia," alisema. Walipiga magoti wakashukuru, na jirani mmoja alileta mkate wa nazi. Mama alifua shuka akiimba chinichini. Nyumba nzima ilikuwa nyepesi. Fuatino peke yake ndiye aliyekaa kando ya Sefo akihesabu kwa vidole: Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Siku ya tano.

Aliushika mkono wa Sefo. Ulikuwa wa baridi kama vigae vya kaburi.

"Sefo, unajisikiaje?"

"Tumbo."

"Linauma?"

Sefo alijikunja, magoti kifuani. Saa sita alitapika dafu lote. Saa nane alitapika tena, na Fuatino alipompangusa mdomo, kitambaa kilikuwa na wekundu. Ufizi ulikuwa unatoka damu. Mama aliona, uimbaji ukaisha.

"Ni mabaki ya ugonjwa yanatoka," Babu alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu. "Bibi Oloa amefika. Mwacheni amkande."

Bibi Oloa alikuwa mkandaji wa kijiji tangu kabla Mama hajazaliwa. Alivua ndala, akakaa kando ya Sefo, akamimina mafuta ya nazi kwenye kiganja. Alikuwa bado anayasugua yapate joto wakati sauti ya kengele iliposikika uwanjani.

"Losa, tumefika. Tairi limezikwa? Ah, nimeliona, limepandwa vitunguu. Vizuri sana, tutakuja kula." Macho ya Makerita yalikuwa kwenye tairi, hakuwa amemwona mgonjwa aliyelala chini kwenye mkeka. Aliandika kitu kwenye daftari lake, kisha akapaza sauti kama kila Alhamisi. "Fuatino. Na maua ya Bibi? Maji umemwaga?"

Fuatino alisimama. Nyumba yao haikuwa na kuta, nguzo tu, na watu wote wa uwanjani walimwona. Aliishika nguzo.

"Sijamwaga," alisema.

"Umesemaje?"

"Sijamwaga, Shangazi. Hata Alhamisi iliyopita sikumwaga, wala ile nyingine, wala ile ya kwanza. Nilikudanganya." Alimgeukia Babu, na sasa maneno yalitoka yenyewe. "Babu, si Bibi. Ni mimi. Kaburini kumejaa viluwiluwi, na Sefo analala pale kila mchana. Nesi alisema homa ikishuka ndiyo hatari, na tumbo, na damu, na mikono ya baridi. Mshike mikono, Babu."

Babu aliinuka polepole, akatoka, akaenda kwenye kaburi la mke wake. Aliinama juu ya lile gamba, akalitazama kwa muda mrefu. Aliporudi alionekana mzee zaidi ya alivyotoka.

"Uliona lini?" alimuuliza Fuatino.

"Jana."

"Jana," Babu alisema.

Bibi Oloa alikuwa ameweka vidole viwili juu ya tumbo la Sefo, bila kubonyeza. Aliviondoa, akajipangusa mafuta kwenye nguo yake.

"Mzee Ioane," alimwambia Babu, "tumbo hili silikandi. Nikilikanda nitalipasua. Huu si ugonjwa wangu. Mpelekeni kwa wenye sindano, na mkimbie."

Babu alimwinua Sefo mwenyewe mikononi. Makerita alikuwa ameshatupa daftari chini na alikuwa barabarani akiita pikapu ya mchungaji kwa sauti ambayo, mara hiyo, haikumchekesha mtu.

Hospitali ya wilaya ilikuwa mwendo wa saa nzima. Fuatino alipanda nyuma na hakuna aliyemkataza. Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alibonyeza kucha ya Sefo na kutazama jinsi damu ilivyochelewa kurudi.

"Mngemleta asubuhi," alisema. Hakusema zaidi. Aliagiza dripu.

Vitanda vya wodi ya watoto vilikuwa vimejaa, na wengine walilala kwenye mikeka chini. Wote walikuwa na ugonjwa uleule. Kitanda kilichofuata kile cha Sefo kilikuwa cha mtoto wa kike wa miaka mitatu, aliyevaa bangili ya shanga za buluu. Mama yake alimpepea kwa upepeo wa majani siku nzima ya Ijumaa. Jioni aliacha kupepea. Wanaume wa ukoo wake walikuja, wakambeba mtoto ndani ya mkeka mzuri, na kwa kuwa hakuna aliyezungumza, Fuatino alisikia shanga zikigongana walipopita mlangoni. Hakujua jina la mtoto yule. Alijiuliza ni maji ya nani yaliyomuua, na kama kuna mtu mahali fulani anayejua.

Jumamosi Sefo alivimba uso na alipumua kama mtu anayepanda mlima. Hakumtambua Mama. Babu alikaa nje ya wodi kwenye benchi, Biblia ikiwa magotini bila kufunguliwa. Mama hakumgombeza Fuatino. Hakumwambia lolote. Alimpita kama mtu anavyopita kiti, na Fuatino aliona afadhali angepigwa. Kwa siku mbili hakulala usiku. Aliomba Mungu amchukue yeye, kisha akaogopa kwamba Mungu hatamtaka.

Jumapili mchana, nesi wa zamu alikuja kubadilisha shuka ya Sefo na akasimama ghafla. "Amekojoa," alisema.

Mama hakuelewa.

"Tangu juzi hakukojoa, mama. Sasa amekojoa sana. Maji yanapita." Nesi alitabasamu kwa uchovu. "Hii shuka chafu ndiyo habari njema ya leo."

Mama aliishika ile shuka iliyolowa, akaibana kifuani, akaanza kulia kwa sauti. Alipomaliza, alipangusa uso na kumtazama Fuatino kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu. "Kamletee mdogo wako maji ya kunywa," alisema.

Fuatino alikimbia kwenye bomba. Alirudi mbio hata nusu ya kikombe ikamwagika njiani.

Walirudi Fagasina Jumatano. Sefo alikuwa amekonda, shingo yake kama ya kifaranga, na aliweza kutembea kutoka kwenye pikapu hadi kwenye mkeka tu. Daktari alisema atachoka hivyo kwa wiki nyingi. Na katika kijiji, watoto wengine wanne walikuwa na homa, mmojawapo ni mdogo wake Tilomai. Tilomai hakucheka tena. Alikuja hadi kwenye uzio, akasimama.

"Ile habari ya bibi wa mlangoni," alisema. "Niliitunga tu."

"Najua," Fuatino alisema.

Alhamisi kamati ilikuja. Safari hii Makerita hakwenda kwenye tangi. Alisimama mbele ya kaburi la Bibi Faapusa, akavua ndala, akaketi chini kwenye nyasi kama mtu anayeingia nyumba ya mkubwa wake. Wanawake wote walikaa nyuma yake. Babu alitoka akaketi upande wa pili, na akamwita Fuatino akae kando yake.

"Faapusa," Makerita aliliambia kaburi, "mimi ni Makerita, yule uliyekuwa ukisema anakuibia kwenye mchezo wa bingo. Niwie radhi, leo nitagusa vyombo vyako. Ukiona ni ufidhuli, subiri nije huko tugombane vizuri."

Babu alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu Jumapili ile ya nguruwe. Kisha Makerita aligeuka, na uso wake haukuwa na mzaha tena.

"Huyu mtoto alinidanganya mara tatu," aliwaambia wanawake. "Ni kweli, na anajua kilichotokea. Mwili wa mdogo wake umelipa. Lakini mimi nina miaka hamsini na minne, na hatua kumi kutoka hapa niliandika 'Safi' bila kutazama. Niliogopa kuonekana sina adabu. Kijiji hiki kina makaburi themanini na mawili, na sikuchungulia hata moja. Mnadhani ni watoto wangapi wanaolala kwenye vigae mchana?"

Mama mmoja nyuma alianza kulia kimya kimya; alikuwa mama yake Tilomai.

"Fuatino, nitazame," Makerita alisema. "Uongo wako ulikuwa neno moja tu, na ulidhani neno moja halina uzito. Maji yale yalikuwa vikombe vichache tu, na sisi wote tulidhani vikombe vichache havina uzito. Ukiambiwa jambo la afya ya watu, lifanye. Ukishindwa kulifanya, au ukiogopa, sema siku ileile. Ukweli uliousema Alhamisi ndio uliomfikisha Sefo kwenye dripu. Lakini ungeusema Jumatano, mdogo wako asingefika pale alipofika. Hilo utalibeba. Mimi nitabeba daftari langu. Haya, inuka tufanye kazi."

Fuatino aliinuka. Alimwaga chupa ya kwanza, ya pili, hadi ya sita, na viluwiluwi wakabaki wakijipinda kwenye nyasi hadi wakatulia. Alisugua kila chupa kwa brashi, ndani na ukingoni. Babu aliliinua lile gamba mwenyewe, kwa kuwa lilikuwa zito, akaligeuza. Kisha walileta mchanga mweupe wa pwani kwenye ndoo, wakaunyunyizia maji kidogo, wakajaza vyombo vyote na kuchomeka maua mekundu. Maua yalisimama vizuri. Kumbe mchanga uliyashika kuliko maji.

Wanawake waliondoka kwenda kaburi lililofuata, na Makerita alibeba ndala zake mkononi, akijua atazivua tena.

Sefo alikuwa amekaa kizingitini, amejifunika shuka ya Mama, akitazama yote yale. Alipoona chombo cha mwisho kimejazwa mchanga, alikunja uso.

"Sasa Bibi atakunywa nini?"

Fuatino alitazama kaburi jeupe. Alichukua dafu lililokatwa, akakaa kando ya mdogo wake, akamshikia mdomoni kwa mikono miwili.

"Bibi hana kiu," alisema. "Wewe kunywa."